Kulungu wa Novemba: mwongozo kamili wa kupanga windo la mwisho wa msimu katika milima ya Colorado

Kila Desemba malalamiko ni yaleyale. Mtu alipata leseni ya msimu wa nne, akapanda hadi bonde la juu ambako rafiki yake aliona madume sita mwezi Septemba, akakuta theluji ya magotini na hakuna hata unyayo mmoja. Siku ya tatu gari limenasa, siku ya nne amechoka, siku ya tano amerudi nyumbani Aurora na begi tupu. Wengi wa watu hawa wana shabaha nzuri na vifaa vya kutosha. Kinachowaangusha ni kuwinda Novemba kwa ramani ya Septemba.

Mwongozo huu unamhusu kulungu-nyumbu (kwa Kiingereza mule deer, Odocoileus hemionus), yule wa magharibi mwa Marekani mwenye masikio makubwa, matako meupe na mkia mwembamba wenye ncha nyeusi. Nimeushika mfano wa Colorado kwa sababu Waswahili wengi wanaoniuliza wanaishi Denver, Aurora na Greeley. Ukiwa Boise au Salt Lake City, sheria za jimbo lako ni tofauti, lakini mnyama ni huyohuyo na theluji ni ileile.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Karatasi. Cheti cha kozi ya usalama wa wawindaji (Colorado inakidai kwa kila aliyezaliwa kuanzia Januari 1, 1949), kitambulisho cha jimbo, stempu ya makazi ya wanyama kwa wenye umri wa miaka 18 hadi 64, na leseni ya kitalu chako, yaani eneo la kuwindia ulilopangiwa.

Bunduki. Kwa kulungu, sheria ya Colorado inataka risasi yenye kipenyo kisichopungua milimita 6 na uzito usiopungua greni 70 (kama gramu 4.5). Kaliba za .270 Winchester, 6.5 Creedmoor, .308 na .30-06 zote zinatosha. Usinunue bunduki kubwa kuliko unayoweza kuifyatua bila kufumba macho.

Darubini. Ya mkononi ya 10x42 (inakuza mara 10, lenzi ya milimita 42), pamoja na mguu wa kuifungia. Kama fedha inatosha kwa kitu kimoja kizuri tu, basi kiwe hiki. Darubini ndefu ya kukazia mbali inasaidia, ila si ya lazima.

Mavazi. Nguo za ndani za sufu au za nyuzi za kisasa, sweta, koti la manyoya ya bata la kuvaa ukikaa, koti la nje la kukinga upepo, jozi mbili za glavu, soksi za akiba, buti zisizopitisha maji na vifuniko vya miguu vya kuzuia theluji. Acha pamba nyumbani: ikilowa jasho haikauki, na baridi itakuingia mifupani. Juu ya yote hayo uwe na vazi na kofia ya rangi ya chungwa au waridi inayong'aa. Vazi la juu ya kiuno, pamoja na kofia, lazima lifikishe inchi za mraba 500, na kofia ionekane kutoka pande zote.

Usalama. Taa mbili za kichwani na betri za akiba, viberiti viwili, mishumaa au vitu vya kuwashia moto, blanketi la dharura, kamba, filimbi, dira, ramani ya karatasi, na kifaa cha kutuma ujumbe kwa setelaiti. Simu haishiki mtandao katika mabonde mengi ya huko.

Kubebea nyama. Begi lenye fremu, visu viwili vikali, glavu za mpira, mifuko minne au mitano ya kitambaa kwa ajili ya nyama, na sleji ya plastiki kama eneo lako lina miteremko ya wastani.

Gari. Minyororo ya matairi, koleo, kamba ya kuvutia, nyaya za kuwashia betri, mablanketi, na chakula cha siku mbili zaidi ya ulizopanga.

## Hatua ya 1: Hakikisha sheria inakuruhusu, kisha omba leseni

Naanza na jambo linaloachwa nje ya miongozo mingi kwa sababu waandishi wake si wahamiaji. Sheria ya shirikisho inamruhusu mkazi wa kudumu mwenye green card kumiliki bunduki. Aliyeingia kwa viza ya muda, kwa mfano ya masomo au ya matembezi, kwa kawaida haruhusiwi hata kuishika, isipokuwa awe ndani ya moja ya misamaha iliyotajwa kwenye sheria. Leseni halali ya kuwinda iliyotolewa na jimbo ni mmojawapo. Asiye na kibali cha kuwapo nchini haruhusiwi kabisa. Kosa hapa linaweza kukuharibia maombi ya uraia, kwa hiyo kama hali yako ina utata wowote, muulize mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kushika bunduki ya rafiki.

Ukishavuka hapo, jua kwamba leseni zote za kulungu Colorado hutolewa kwa droo. Idara ya Colorado Parks and Wildlife hutoa kijitabu cha msimu mwishoni mwa majira ya baridi, na maombi hufungwa Jumanne ya kwanza ya Aprili. Kabla ya kuomba unatakiwa uwe umenunua leseni ya msingi, kama ile ya wanyama wadogo, na hili huwaponyoka wengi dakika za mwisho. Bei ya mkazi wa jimbo ni ndogo sana ikilinganishwa na ya mgeni, na unahesabiwa mkazi ukiwa umeishi Colorado miezi 6 mfululizo.

Misimu ya bunduki ya kulungu ni wa pili, wa tatu na wa nne. Msimu wa nne ndio wa mwisho. Huwa wa siku 5 tu, baada ya katikati ya Novemba, ukigusana na msimu wa kupandana. Kwa sababu hiyo leseni zake hugombewa, na vitalu vinavyosifika huhitaji pointi za upendeleo zilizokusanywa kwa miaka. Ukikosa chaguo lako la kwanza unapata pointi moja. Ukipata chaguo la pili, pointi zako hazitumiki.

Ushauri wangu kwa anayeanza: chaguo la kwanza weka kitalu unachokitamani, chaguo la pili weka kitalu cha kawaida cha msimu wa tatu chenye ardhi kubwa ya umma. Utawinda mwaka huu na pointi itabaki. Ukikosa vyote, kuna droo ya pili kati ya mwaka na orodha ya leseni zilizosalia mwezi Agosti.

Hatua hii imekamilika pale unapokuwa na leseni yenye namba ya kitalu, tarehe na aina ya mnyama, na umeisoma mpaka ukaielewa. Leseni ya dume inamaanisha mnyama mwenye angalau pembe moja isiyopungua inchi 5, kama sentimita 13.

## Hatua ya 2: Elewa theluji inavyowahamisha

Hii ndiyo hatua ya kukaa nayo muda mrefu. Usiipite haraka.

Majira ya joto madume hukaa juu, karibu na mahali miti inapoishia, futi 10,000 hadi 12,000 (mita 3,000 hadi 3,600). Huko kuna majani mabichi na upepo unaofukuza nzi. Majani yanapokauka na theluji kuanza, hushuka kwa njia walizofundishwa na mama zao. Wanyama hawa wana ukaidi wa ajabu wa kurudi njia zilezile mwaka hadi mwaka. Huko Wyoming watafiti waliwafuatilia kulungu wanaotembea takriban kilomita 240 kutoka Red Desert hadi Hoback, na taarifa ya safari hiyo ilitangazwa mwaka 2014. Wa Colorado wengi hawatembei mbali hivyo, lakini kanuni ni hiyo moja.

Kinachowasukuma ni kina cha theluji kuliko baridi yenyewe. Manyoya yao ya majira ya baridi hayapitishi baridi kirahisi. Ila theluji ikifika sentimita 45 au 50, kutembea kunakula nguvu nyingi kuliko chakula wanachopata, na kichaka wanachokula kimeshafunikwa. Majike yenye watoto hushuka mapema. Madume makubwa hukawia juu, mara nyingi kwenye vipande vya miti minene na migongo ambayo upepo huipuliza ikabaki bila theluji. Hushuka pale theluji inapowashinda au pale msimu wa kupandana unapowaita.

Msimu huo huanza karibu na katikati ya Novemba, na kilele chake huangukia nusu ya pili ya mwezi. Dume ambalo Oktoba ungelipita hatua 50 bila kuliona, sasa linatembea mchana kweupe kutoka kundi moja la majike hadi jingine.

Kwa hiyo swali lako la kupanga linabadilika. Acha kujiuliza "madume yanakaa wapi?" Jiulize: "majike yatakuwa wapi theluji ikifika hapa?" Tafuta majike, na madume yatakuja yenyewe.

Eneo la majike mwezi Novemba lina sifa hizi:

- Liko kati ya makazi ya kiangazi na makazi ya baridi kali, mara nyingi futi 7,000 hadi 9,500 (mita 2,100 hadi 2,900). Mwaka wa ukame wa theluji, panda juu zaidi ya hapo. Mwaka wa theluji ya mapema, shuka.
- Mteremko wake unaelekea kusini au kusini-magharibi, ambako jua huyeyusha theluji hadi ardhi kuonekana.
- Lina vichaka vya kula, hasa seji (kichaka kifupi chenye harufu kali), na karibu yake kuna mireteni, misonobari mifupi au aspeni za kujificha.
- Halina barabara ya magari inayolipitia katikati. Shinikizo la watu huwahamisha hata pale theluji haijawahamisha.

Kila mwaka kuna anayeniambia kwamba alikwenda juu kabisa kwa sababu "dume kubwa halikai chini." Linakaa, ndugu yangu, mwezi huo likifuata jike linakaa hata kwenye seji nyuma ya shamba la ng'ombe.

## Hatua ya 3: Weka alama kwenye ramani, miezi miwili kabla

Chukua ramani ya topografia ya kipimo cha 1:24,000 ya kitalu chako, ya karatasi au ya programu ya simu inayofanya kazi bila mtandao. Fanya mambo manne kwa mpangilio huu.

Kwanza, tenga ardhi ya umma. Ardhi ya Bureau of Land Management (idara ya serikali kuu inayosimamia ardhi ya umma) na ya misitu ya taifa unaruhusiwa kuwinda. Ardhi ya mtu binafsi huruhusiwi bila kibali chake, na Colorado haimlazimishi mwenye shamba kuweka kibao wala uzio. Kutojua hakutakuokoa mbele ya askari wa wanyamapori. Makazi mengi ya baridi ya kulungu yako chini, na huko chini ndiko mashamba ya watu yaliko, kwa hiyo hatua hii inaweza kufuta nusu ya maeneo uliyoyapenda.

Pili, paka rangi miteremko ya kusini iliyo kwenye futi 7,000 hadi 9,500.

Tatu, tafuta mahali pa kutazamia. Unataka mwinuko ulio mkabala na mteremko huo, umbali wa kilomita moja hadi mbili, ambao utaufikia gizani bila kupita katikati ya wanyama. Weka alama tatu za namna hiyo kwa kila eneo, kwa sababu upepo utakunyima mojawapo.

Nne, angalia njia za kutokea. Kutoka kila alama hadi gari, je, utabeba nyama kupanda au kushuka? Kuna korongo? Ukiua upande wa pili wa mto ambao haujaganda vizuri, utavukaje?

Andaa maeneo matatu kwa urefu tofauti: la juu, la kati na la chini. Mtu mwenye eneo moja hana mpango, ana matumaini. Ukimaliza uwe na alama zisizopungua tisa za kutazamia, na uweze kueleza kila moja utaitumia kukiwa na hali gani ya theluji.

Piga simu ofisi ya idara ya wilaya husika ukawaulize kulungu wanapita wapi theluji ikianza. Wanajibu vizuri kuliko watu wanavyodhani, ilimradi uulize swali mahususi la eneo ulilokwisha kulisoma.

## Hatua ya 4: Andaa bunduki na miguu

Denver iko mita 1,600. Eneo lako litakuwa mita 2,500 au zaidi, nawe utakuwa na begi, theluji na mteremko. Anza kupanda ngazi au vilima na begi la kilo 15 wiki nane kabla, mara tatu kwa wiki. Anayetoka usawa wa bahari, labda amekuja kutoka Houston kumtembelea ndugu, afike siku mbili mapema alale mahali pa wastani. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kisikome, dawa ni kushuka.

Irekebishe darubini ya bunduki hadi risasi ipige ulipolenga kwenye yadi 100 au 200, kisha uache meza ya uwanjani. Fanya mazoezi ukiwa umeketi, umepiga goti, umeegemea begi, na glavu mkononi. Umbali wako wa mwisho ni ule ambao kutoka mikao hiyo unapiga sahani ya chakula kila mara. Kwa wengi ni yadi 200 au 250. Uheshimu hata dume likisimama yadi 400 likikutazama.

Kabla ya safari, futa mafuta mengi ndani ya kufuli la bunduki. Mafuta huwa mazito kwenye baridi kali na pini hugonga bila nguvu. Ziba mdomo wa mtutu kwa utepe mwepesi ili theluji isiingie. Na usiku usiiingize bunduki kwenye hema lenye joto: itatoa jasho, na asubuhi jasho hilo litaganda kwenye darubini yake. Ifungie ndani ya gari lenye baridi, bila risasi.

## Hatua ya 5: Kambi na barabara

Weka kambi chini ya maeneo yako ya kuwinda, mahali gari linaweza kutoka hata theluji ikishuka usiku kucha. Watu hupenda kulala juu ili wawe karibu na wanyama. Mwezi Novemba hilo ni kosa la gharama kubwa. Chumba cha bei nafuu mjini Gunnison, Craig au Meeker, pamoja na mwendo wa gari wa saa moja alfajiri, kinakupa nguo kavu na usingizi, na mtu aliyelala vizuri anavumilia kukaa kwenye darubini siku nzima. Ukichagua hema, liwe la turubai lenye jiko la kuni, na bomba la moshi likaguliwe. Kamwe usilale na jiko la gesi au mkaa likiwaka ndani.

Angalia barabara. Njia za juu kama Independence Pass na Cottonwood Pass hufungwa majira ya baridi. Usijenge mpango juu yake. Kwenye barabara kuu ya I-70 kati ya Dotsero na Morrison, sheria ya matairi ya theluji au minyororo inafanya kazi kuanzia Septemba 1 hadi Mei 31. Barabara za misituni zina ramani yake inayoonyesha zipi ziko wazi kwa magari na hadi lini.

Andika karatasi yenye maeneo yako matatu, mahali pa gari, namba ya gari na saa ya kurudi, umwachie mtu nyumbani. Mwambie wazi: usiponisikia kufikia saa 4 usiku, piga 911 uombe ofisi ya sherifu wa kaunti hii. Sherifu ndiye mwenye jukumu la utafutaji na uokoaji. Ukimwachia shemeji ambaye hajui hata jina la kaunti, hujamwachia mtu.

## Hatua ya 6: Siku tatu kabla, soma theluji na uamue

Vituo vya SNOTEL vya serikali hupima theluji milimani na kuweka vipimo kwenye mtandao kila siku. Tafuta kituo kilicho karibu na kitalu chako na uangalie kina chake na urefu wake kutoka usawa wa bahari. Kisha angalia utabiri wa hali ya hewa wa eneo la mlimani penyewe, wala si wa mji ulio bondeni.

Amua hivi:

- Theluji chini ya sentimita 15 kwenye futi 10,000: anza eneo la juu, na utazame pia la kati.
- Sentimita 15 hadi 40: anza eneo la kati.
- Zaidi ya 40, au dhoruba kubwa imepita wiki hii: anza eneo la chini, na utazame njia za kushukia.

Huu ni mwanzo tu. Nyayo mtakazokuta ndizo zitakazosema zaidi. Lakini usiondoke nyumbani bila kuwa umeandika eneo la siku ya kwanza. Siku mbili kabla ya msimu, nenda ukatazame kwa darubini bila kuingia ndani.

Onyo ambalo silirudii kwa mchezo: miteremko ya nyuzi 30 hadi 45 yenye theluji mpya ndiyo inayoporomoka. Soma taarifa ya Colorado Avalanche Information Center, kituo cha jimbo cha maporomoko ya theluji, kila asubuhi. Dume likiwa upande wa pili wa mteremko wa namna hiyo, zunguka au liache.

## Hatua ya 7: Siku ya kuwinda

Katikati ya Novemba jua huchomoza karibu saa 1 asubuhi na kuzama kabla ya saa 11 jioni. Unaruhusiwa kuwinda nusu saa kabla ya kuchomoza hadi nusu saa baada ya kuzama. Siku ni fupi. Panga kila kipande chake.

Saa 12 kasoro alfajiri. Uwe umeshaketi kwenye alama yako. Panda polepole ukiwa umevaa kidogo, ili usitoe jasho, kisha vaa koti zito ukifika.

Saa 12:30 hadi 4. Tazama. Gawa mteremko vipande, kimoja baada ya kingine, kutoka chini hadi juu. Usitafute kulungu mzima; tafuta mstari wa mgongo uliolala, tako jeupe, sikio linalotikisika. Ukiona majike, usihame. Yahesabu, endelea na kipande kingine, na uyarudie kila baada ya dakika 20. Dume ambalo halikuwapo saa 1 linaweza kuwapo saa 5.

Saa 4 hadi 9. Wengi huondoka kwenda kula mjini. Wewe baki. Katika msimu wa kupandana madume hutembea mchana, na wawindaji wanaorudi kwenye magari yao huwasukuma wanyama kuelekea kwako.

Upepo. Asubuhi hewa baridi hutiririka kushuka bonde. Jua likishika mteremko, hewa hugeuka na kupanda, na mwezi huu mgeuko huo huchelewa. Usianze kumnyemelea mnyama wakati hewa inasitasita. Subiri itulie upande mmoja, kisha nenda, ukificha mwili nyuma ya mgongo wa ardhi.

Siku mbili bila kuona jike hata mmoja zinatosha. Hamia eneo lako la pili. Siku ya kwanza ikipita umeona majike na nyayo mpya, hata bila dume, uko mahali sahihi na kazi iliyobaki ni kuketi.

## Hatua ya 8: Kabla na baada ya kufyatua

Hakikisha ni mnyama wako. Wapiti (elk) ni mkubwa zaidi na ana shingo ya kahawia iliyokolea. Kulungu mkia-mweupe hukimbia akiwa ameinua mkia. Kulungu-nyumbu hurukaruka kwa miguu yote minne kwa pamoja. Mbwa-mwitu nao sasa wapo: walirudishwa Colorado Desemba 2023 na wanalindwa na sheria, kwa hiyo usimpige unayemdhania koyote.

Nyuma ya mnyama kuwe na ardhi ya kupokea risasi. Subiri asimame ubavu. Lenga nyuma kidogo ya bega, theluthi ya chini ya mwili, kwenye mapafu na moyo. Mwislamu hutaja jina la Mwenyezi Mungu anapofyatua, na akimkuta mnyama bado ana uhai humchinja; kwa maswali ya ndani zaidi kaa na sheikh wako kabla ya msimu.

Baada ya risasi, pakia tena na uendelee kutazama. Weka alama mahali aliposimama. Akitoweka, subiri nusu saa kisha fuata damu kwenye theluji. Theluji ikiwa inaanguka kwa wingi, usisubiri muda wote huo, maana itafunika kila kitu.

Ukimfikia, saini tagi ya leseni na uweke tarehe papo hapo.

## Hatua ya 9: Kushusha nyama

Dume kubwa likishatolewa mifupa linaweza kukuachia nyama ya kilo 25 hadi 35, na kuna pembe na vifaa juu yake. Ukiwa peke yako, hiyo ni mizigo miwili. Angalia saa. Kama jua linakaribia kuzama, maliza kupasua, tandaza nyama juu ya magogo au matawi ili hewa ipite chini yake, weka alama ya GPS, shuka na mzigo mmoja, urudi asubuhi.

Vaa glavu. Chuna ngozi mapema ili joto litoke. Manyoya ya kulungu huhifadhi joto hata kwenye baridi, na nyama iliyo karibu na mfupa wa paja ndiyo huharibika kwanza. Tezi za ndani ya miguu ya nyuma zina harufu kali msimu huu, kwa hiyo usizishike kisha ukashika nyama. Epuka kukata ubongo na uti wa mgongo. Acha ushahidi wa jinsia ukiwa umeshikamana na kipande kimoja kikubwa. Kubeba kichwa pembeni pekee hakutoshi.

Sheria inakutaka utoe angalau miguu yote minne na minofu ya mgongo ya nje na ya ndani. Kuacha nyama porini ni kosa, na kwa sisi tuliolelewa kwenye nyumba ambazo nyama ilionekana sikukuu tu, ni aibu pia.

## Hatua ya 10: Kipimo kabla ya sufuria

Colorado ina ugonjwa wa kudhoofika wa kulungu, unaoharibu ubongo. Ulionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1967 kwenye kituo cha utafiti cha Fort Collins, na sasa umeenea kwenye makundi mengi ya porini. Mnyama anaweza kuonekana mzima kabisa akiwa nao. Haujathibitishwa kumwingia binadamu, lakini mamlaka ya afya ya Marekani, CDC, inashauri nyama ya mnyama aliyepatikana na ugonjwa isiliwe.

Peleka kichwa kwenye kituo cha idara kabla ya kurudi Denver. Katika baadhi ya vitalu kipimo ni cha lazima, na kijitabu cha mwaka husika huvitaja. Unapofunga nyama nyumbani, andika namba ya kipimo kwenye kila pakiti na uitenge na nyama nyingine kwenye friza. Ukimpelekea mchinjaji, mwambie akusagie yako peke yake, bila kuichanganya na ya wengine. Ukiishi jimbo jingine, uliza sheria zake kabla ya kuvuka mpaka, kwa kuwa majimbo mengi hayaruhusu ubongo wala uti wa mgongo kuingizwa.

Jibu likija safi, kumbuka nyama hii haina mafuta: minofu ya mgongo ipike haraka kwa moto mkali, na miguu ichemshe taratibu kwa saa kadhaa pamoja na tangawizi na vitunguu. Jibu likija na ugonjwa, usimgawie mtu hata kipande. Piga simu idara wakuelekeze namna ya kuitupa, na uoshe visu na mbao zote zilizoigusa.